Jiwe la Hamsini

Kirsten aliingia Campobasso na kikombe chekundu cha plastiki,
cha bibi yake kule Minnesota,
mkono wake umeyeyuka kidogo
pale kilipowahi kuegemea jiko.
"Kikombe kimoja, mtu mmoja," alisema,
akazamisha mkono kwenye mfuko wa makaroni.

Mama mkwe wake, Ersilia, hakujibu.
Alishusha mizani kutoka juu ya kabati,
sahani mbili za shaba
na kisanduku cha mawe, kila jiwe na shimo lake
kama meno kwenye ufizi.
Ndipo akajibu:
"Mwanangu, bomba ni hewa iliyovaa unga.
Hewa haijawahi kumshibisha mtu."

Wakapima.
Kikombe cha vinyota, vile vya supu ya mgonjwa:
gramu mia na sabini.
Kikombe kile kile, kimejaa pomoni,
cha makaroni mapana yenye mistari:
sitini.
Vipepeo ndiyo kabisa. Ukitikisa vinashuka,
ukiacha vinatanuliana mbawa na kumwagika mezani,
kila kimoja kikidai chumba chake.
"Sasa huyo mtu mmoja," Ersilia akauliza, "ni yupi?"

Mimi ninayesimulia nimerithi kibaba na pishi
ndani ya lugha yenyewe. Haba na haba yangu
hujaza chombo; hakuna aliyeiambia
ipande kwanza kwenye mizani.
Kwa hiyo nilikuwa upande wa kikombe,
nikiona haya kidogo.

"Hata viwanda ni wezi," Ersilia aliendelea, sasa kapata moto.
"Pakiti ya nusu kilo, imwage yote humu,
panga mawe yote ya nusu kilo kule:
imepungua ishirini. Miaka kumi na tisa!
Nimewaandikia barua."
"Kiwanda gani?"
"Vyote."

Vyote.
Gramu ishirini, kila pakiti, kila kiwanda.

Kirsten aliweka kikombe chini.
Akaanza kugeuza mawe, moja moja,
kama anayekagua mayai.
La mia mbili, safi. La mia, safi. La ishirini, safi.
La hamsini, lenye tumbo wazi kwa chini,
lilikuwa limeshiba risasi:
ya kijivu, imemiminwa, ikasuguliwa
hadi ikalingana na ukingo.
Kazi ya mtu mwenye mkono.

Nazario alikuwa fundi bomba.
Mwaka aliopatwa na sukari, daktari aliandika:
tambi, gramu sabini, usizidishe.
Na Ersilia hakuzidisha.
Jiwe la hamsini, jiwe la ishirini,
kila adhuhuri, akivunja hata uzi wa mwisho
ili sahani zisimame sawa.
Naye mzee alikula polepole,
akapangusa sahani kwa kipande cha mkate
ambacho nacho kilipimwa,
asiombe nyongeza hata siku moja,
"jambo ambalo," Ersilia akasema,
"lilinitia hofu. Nilidhani ndiyo ugonjwa."

Hakufa kwa sukari.
Alianguka kutoka kwenye ngazi, akifuata tini,
akiwa na miaka themanini na moja.

Maji yalikuwa yanachemka zamani,
kifuniko kikigonga gonga kama mgeni asiye na subira.
Ersilia alilishika jiwe kiganjani,
akalipandisha, akalishusha,
mkono ule ule unaojua nyanya nzito sokoni
na ambao kwa miaka kumi na tisa
haukushtuka.
"Mwizi," akasema, taratibu,
kama anayemwita mtu nje aje kula.

Kirsten akauliza wapime kwa kipi.
"Kwa chochote," alijibu, tayari ameketi,
akitafuta miwani ndani ya droo ya vijiko.
"Mimi nina barua za kuandika.
Viwanda saba, nimewatukana wote.
Kimoja nilimtukana na mama yake mwenyewe.
Sasa hapo mtu anaanzia wapi?"